Babu wa Muhogo Yuko Uani

Pita vichochoro vya Mbagala au Kunduchi jijini Dar es Salaam, hutakosa kuuona uani mti mrefu wenye majani kama ya muhogo, mengine yameshafika paani. Ni mpira. Majani yake ndiyo kisamvu cha mpira, ambacho wapenda kisamvu wengi, nami nimo, tunakiweka juu ya kile cha muhogo kikishatwangwa na kuungwa kwa nazi. Mizizi yake hailiki. Lakini muhogo unaouzwa pale barabarani huenda una damu yake.

Wote wawili kwao ni Brazil. Muhogo waliuleta Wareno. Mpira waliupanda Wajerumani kwa ajili ya utomvu, katika mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1913 mpira wa Asia ulifurika sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakatelekezwa. Mti ukabaki kuwa ua na mboga.

Muhogo nao ulikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa batobato ulishaelezwa na mtaalamu wa mimea Warburg mwaka 1894. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani milimani Usambara, akaeleza ugonjwa wa pili: michirizi ya kahawia. Huu ndio mnafiki hasa. Shina laweza kusimama vizuri na majani yakapendeza, kumbe chini mambo yameharibika. Muuza mihogo ya kukaanga anamenya, anapasua, anakuta mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa. Hasara ni yake.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta kinga ndani ya muhogo wenyewe, haikutosha. Wakaugeukia mpira, ndugu wa mwitu wa muhogo. Walichavusha muhogo kwa chavua ya mpira. Watoto wakazaliwa na kinga, ila mizizi ilikuwa duni. Wakawaozesha tena kwa muhogo, kisha wajukuu, kisha vitukuu. Kila kizazi umwitu ulipungua, na walioshindwa na ugonjwa walitupwa. Kazi ya miaka hiyo, ambayo D. L. Jennings aliiendeleza hadi 1957, ilihitaji subira kuliko mitambo. 

Mbegu za Amani zilivuka bara. Nigeria zilizaa mmea ulioitwa 58308, ambao S. K. Hahn wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, aliutumia kuanzia 1971. Uzao wake mmoja, TMS 30572, ukarudi huku kwetu: batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990, wakulima waliupanda kwa jina la Migyera. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga, maarufu kwa kuhimili michirizi. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni mmoja na Kaleso wa pwani ya Kenya, nao ni uzao wa Amani. Wakulima waliupa jina lao, ubini ukasahaulika.

Michirizi haijaisha. Tangu 2004 imeenea Uganda, mahali ilipodhaniwa haiwezi kustawi, na virusi vyake vimekuwa vikichunguzwa hapa hapa Kinondoni, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni. Huenda babu akahitajika tena. Kwa hiyo wewe unayevunja ua ili ujenge ukuta wa tofali, bakiza mpira mmoja.