Injini Changa Kisangani: Jinsi Mji Ulivyosahau Rodaji

Kwa takriban miaka thelathini, mtu wa kawaida wa Kisangani hakuwa na njia ya kununua injini mpya. Naanza na jambo hili kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba mamotari wetu, waendesha pikipiki za abiria, wanaua pikipiki kwa kutojali. Mimi ni fundi, karakana yangu iko Mangobo. Nafungua injini ambazo hazijamaliza mwaka na tayari zinakunywa mafuta na kutoa moshi wa buluu. Wengi wanaoziendesha ni vijana wachapakazi. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha rodaji, yaani kuizoesha injini mpya kazi, na walimkosa kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umeisahau.

Ukuta wa silinda mpya hautoki kiwandani ukiwa laini kabisa. Huchorwa kwa makusudi mistari midogo inayokatana, ili ishike mafuta, na ringi za pistoni, ambazo hapa tunaziita segma, husagana nayo mpaka zikae sawasawa. Kinachozibana segma ukutani ni presha ya gesi inayowaka ndani ya silinda. Kwa hiyo injini inayotembezwa kinyonge, bila mzigo wowote, segma zake hazikai. Ukuta unasuguliwa juu juu tu, unang'aa, na mafuta yanaanza kupita. Ile inayokimbizwa kwa nguvu zote siku ya kwanza nayo hupata joto kupita kiasi na kuchubuka. Rodaji nzuri ni kupandisha mwendo na kuushusha, kubeba mzigo wa wastani, kuiacha injini ipoe, kisha kumwaga mafuta ya kwanza mapema, maana yamejaa unga wa chuma.

Wazee wetu waliyajua haya vizuri. Reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto ya Mto Kongo hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko, na ufundi wa mashine ukaja pamoja nayo. Kaskazini, kampuni ya Vicicongo ilianza mwaka 1924 kujenga reli yake nyembamba ya sentimita 60, na baadaye ikaendesha malori pia. Baba yangu mkubwa alijifunza kazi katika gereji moja ya malori hapa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, miaka ya 1950. Alinisimulia mara nyingi jinsi lori jipya lilivyopokelewa. Lilipewa daftari lake. Kwenye kabureta kulikuwa na kizuizi kilichopigwa muhuri wa risasi, na dereva aliyeukata muhuri ule alifukuzwa kazi. Mzigo wa kwanza ulikuwa nusu. Siku ya vidanji ya kwanza, yaani kubadilisha mafuta, yalimwagwa yakiwa bado moto, katika beseni jeupe la enameli, yakaachwa yatulie, kisha mkubwa wa gereji aliitwa aje kuangalia kilichobaki chini. Aliyaonja kwa vidole viwili, akayageuza juani, akaandika daftarini. Kijana wa kazi hakuruhusiwa kuliosha beseni kabla mkubwa hajaliona.

Magari madogo nayo yalikuwa na taratibu zake. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo ilibeba lita 2.5 tu za mafuta, haikuwa na filta ya kubadilisha, bali chujio la waya tu, na kitabu chake kilitaka mafuta ya kwanza yamwagwe kwenye kilomita 500. Huko Ulaya mwenye gari jipya alibandika kikaratasi kwenye kioo cha nyuma kuwaomba walio nyuma yake wampite, kwa kuwa injini iko katika rodaji. Haikuwa madoido. Vyuma vya siku zile vilichongwa kwa vipimo vilivyoacha kazi kubwa ya kusagana ikamaliziwe barabarani.

Mafuta yenyewe pia yalikuwa dhaifu. Wahandisi wa SAE, Marekani, walianza kuyapanga kwa uzito mwaka 1911, lakini kwa miaka mingi yalibaki mafuta matupu, bila dawa ndani yake. Masizi na unga wa chuma vilishuka chini ya karteri, bakuli la mafuta la injini, vikaganda. Dawa za kusafisha na za kuzuia chuma kisiliwe zilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, ndipo kilomita kati ya vidanji mbili zikaanza kuongezeka. Hapo likazuka tatizo jipya: mafuta yaliyo hodari mno wa kuzuia msuguano yanaweza kuzizuia segma zisikae. Ndiyo maana yapo mafuta ya rodaji, yenye dawa chache za utelezi. Katika injini za ndege ndogo jambo hili linafuatwa mpaka leo. Lycoming, mtengenezaji wa injini hizo, kwa nyingi kati yake inataka mafuta ya madini matupu kwa saa 50 za kwanza, au mpaka ulaji wa mafuta utulie.

Siwezi kuzungumzia mafuta Kisangani nikayaruka mawese. Chini kidogo ya mto, Yangambi, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC mwaka 1933, na mchikichi ulikuwa mmoja wa mimea yake mikuu. Mwaka 1937 Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya kuendeshea injini, na mwaka 1938 basi moja lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo. Naieleza habari hii kila kijana anaponiuliza kama anaweza kuongeza mawese kidogo kwenye injini wakati hana pesa. Yale yaliunguzwa badala ya dizeli, tena baada ya kugeuzwa maabara. Mawese ya sokoni ukiyatia kwenye karteri yatashika joto, yatageuka gundi, na njia za mafuta zitaziba.

Ujuzi ule wa wazee ulikatika hatua kwa hatua. Waasi wa Simba waliuteka mji tarehe 4 Agosti 1964, makomando wa Kibelgiji wakashuka kwa ndege tarehe 24 Novemba. Mamluki wakaasi Julai 1967. Lakini kwa sisi wa gereji, tarehe ninayoiona nzito kuliko zote ni 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe kwa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Waliopewa wengi hawakuwa watu wa fani. Vipuri vilikauka, magari mapya yakawa ya wakubwa, na gereji ikawa mahali pa kufufua vitu. Naiheshimu sana kazi ya mafundi wa miaka ile. Walichonga vipuri wasivyoweza kuviagiza. Hata hivyo, injini kuukuu inayovuja na kula mafuta haimwagwi, inaongezewa. Unachungulia kijiti, unaona yamepungua, unatia kidogo. Kizazi kizima cha mafundi kilikulia katika kuongeza, na neno vidanji likabaki vitabuni.

Halafu uporaji wa 1991 na 1993, halafu vita vya 1998. Mto ulifungwa, meli za Kinshasa hazikupanda. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na makombora yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiohusika. Usafiri uliobaki ni toleka, baiskeli yenye kiti cha nyuma, na wale wanaume waliosukuma baiskeli zenye mizigo zaidi ya kilomita 300 hadi Buta. Injini mpya tulizoziona wakati ule zilikuwa zaidi za Umoja wa Mataifa na mashirika: Land Cruiser nyeupe zenye dizeli ya silinda 6, lita 4.2. Zilihudumiwa nyuma ya kuta zenye seng'enge. Kijana wa Mangobo aliziona zikipita tu.

Basi barabara ya mashariki ilipotengenezwa tena baada ya vita, pikipiki mpya zikaingia kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa Butembo, na nyingine kwa mto kutoka Kinshasa. Za Kichina, kisha TVS na Boxer za India. Zilitolewa ndani ya maboksi, zikafungwa usukani na magurudumu, zikatiwa mafuta ya makadafi, wachuuzi wa barabarani, na kesho yake asubuhi zilikuwa njia ya Buta na abiria wawili na gunia. Wengine walisikia kwamba injini mpya yahitaji kulainishwa, wakaiacha ikiunguruma usiku kucha uani imesimama. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na ikisimama hakuna upepo wala hakuna presha ya kuzibana segma.

Vitabu vya pikipiki hizi vinataka huduma ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750. Mimi hupenda 300, hasa hapa, halafu tena 1,000. Ukifungua boliti ya chini ya pikipiki mpya, mafuta yanatoka ya kijivu, na juani yanametameta kama magamba ya samaki wa wavuvi wetu wa Wagenia. Lita moja tu ndiyo inayolainisha pistoni, giaboksi na klachi kwa pamoja. Ndiyo maana yanachoka mapema kuliko ya gari, na ndiyo maana mafuta ya gari yenye dawa nyingi za utelezi huifanya klachi iteleze. Wajapani waliweka alama ya JASO MA mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya jambo hilo hilo. Nawaambia vijana waitafute alama hiyo kwenye chupa, na waangalie kifuniko kama kimefunguliwa kabla.

Ugomvi mkubwa hauko kwenye ufundi. Uko kati ya motari na mwenye pikipiki. Motari anapeleka malipo kila siku, na mafuta ya injini mara nyingi hayamo katika mapatano. “Yaya, bado ni mazuri, niongezee robo tu,” ananiambia. “Mdogo wangu, kwa kilomita 100 kwa siku, kilomita 1,000 zako zimeisha kwa siku 10. Nenda ukamwambie mwenye chombo.” Mita za kilomita nyingi zimekatika waya, kwa hiyo naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti. Wenye pikipiki wameanza kuinua viti wenyewe kuangalia tarehe ile, na baadhi yao sasa wanalipia mafuta bila kuulizwa.

Kwa magari mapya ya leo, sheria za wazee zimebadilika, na mafundi wenzangu hawapendi kuambiwa hivyo. Mashine za viwandani zinachonga kwa usahihi mkubwa. Honda hata inakataza kumwaga mafuta ya kiwandani mapema, kwani yamewekewa dawa za rodaji. Volkswagen iliruhusu hadi kilomita 30,000 au miaka miwili kwa mafuta maalumu ya Ulaya. Lakini vumbi la njia ya Bafwasende, kule mashariki, dizeli isiyojulikana ilikotoka na foleni za matope vinaingia katika kile ambacho vitabu hivyo hivyo hukiita matumizi magumu, na hapo kilomita 5,000 zinatosha.

Sasa wateja wangu wapya ni wenye mitumbwi mikubwa ya mbao, wanaofunga dizeli mpya za Kichina. Huwaelekeza washuke kwanza hadi Isangi na mzigo mdogo, mkondo ukiwasaidia, wakibadilisha mwendo kila mara, wazime na kupoza huko, kisha wapande na mzigo wa wastani, mkondo ukiwapinga. Wakifika ufukweni hapa, tunamwaga mafuta yakiwa moto, katika beseni jeupe.