Jimbo la Goma na Wachungaji Wake Wanne



Siku ya jubilei ni siku ya shukrani, na anayeshukuru sharti akumbuke. Parokia ni mtoto wa jimbo. Basi tutazame ukoo wetu.

Tangu mwaka 1929 nchi yetu ilihesabiwa katika Vikarieti ya Kivu, iliyokabidhiwa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe. Misioni yao ya Lulenga, chini ya mlima Mikeno, ilikuwa imekwisha kusimama mwaka 1921. Kazi hiyo wasingaliiweza bila wakatekista wa kwetu, waliofundisha sala vijijini, ambako padri alifika mara chache tu.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ileile Kongo ilipopata uhuru, Jimbo la Goma lilizaliwa. Lilikatwa katika Jimbo Kuu la Bukavu na Jimbo la Nyundo, nchini Rwanda. Tulitafakari neno hilo: tuna mama wawili, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya mpaka. Nani basi atasema kwamba Eklezya ni mali ya kabila lake peke yake?

Mchungaji wa kwanza alikuwa Monsinyori Joseph Mikararanga Busimba, aliyeteuliwa tarehe 8 Septemba 1960. Jimbo jipya halikungoja mgeni. Lilianza na Askofu Mwafrika. Alifariki tarehe 7 Septemba 1974, ikibaki siku moja tu atimize miaka 14 tangu kuteuliwa kwake.

Monsinyori Faustin Ngabu, aliyekuwa Askofu mwandamizi wake, alishika fimbo ya uchungaji hata mwaka 2010. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule za misioni. Mwaka 1977, kwa mapatano, uongozi wake ulirudishwa kwa makanisa. Mwaka 1993 vita vya makabila viliwaka Walikale na Masisi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia kwetu, na kolera ikawaua kwa wingi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Mwaka 2010 alimfuata Monsinyori Théophile Kaboy Ruboneka, aliyetoka Kasongo. Wakati wake, tarehe 8 Aprili 2018, Padri Étienne Sengiyumva, paroko wa Kitshanga, aliuawa kwa risasi baada ya kutoa Misa. Mwaka 2019 alifika Monsinyori Willy Ngumbi Ngengele kutoka Kindu. Tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, mlima ulitema moto tena. Na mwezi wa Januari 2025 mji uliingiliwa na waasi wa M23.

Ndugu zangu, moto wa mlima haukuuliza kabila la mtu. Lakini mwaka 1993 mikono iliyoshika panga, mingi yake ilikuwa imebatizwa. Mwalimu wa dini hawezi kuandika historia hii bila kujiuliza: tulifundisha nini, hata katekismu ikajulikana kwa moyo na jirani asijulikane kuwa ndugu? Nyumba iliyofunikwa na lava hujengwa upya, tena kwa mawe ya lava yenyewe. Undugu uliobomoka hujengwa kwa toba tu.

Mungu hakutuacha bila mfano. Floribert Bwana Chui, mlei, mzaliwa wa Goma, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe kwa watu. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Hakulinda kabila, alilinda matumbo ya watu asiowajua.

Maaskofu hupokezana fimbo, na makanisa hubomoka yakajengwa tena. Kinachobaki ni wakristu wanaokutana katika shirika, wakasali na kupatana kabla ya kukaribia altare. Tukifika hapo, jubilei yetu itakuwa kweli.

Mwenye Heri Floribert, utuombee.