Milima ya Tao la Mashariki: Miamba yake, umri wake na hatari zake

MILIMA ya Tao la Mashariki ni safu ya milima iliyoachana, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupinda kusini-magharibi kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa, hadi karibu na Makambako mkoani Njombe. Milima ya Mahenge nayo huhesabiwa katika safu hiyo.

Wasafiri wengi wapitao barabara ya Moshi kwenda Tanga huiona milima hiyo na kudhani kuwa ni ndugu wa Kilimanjaro. Kijiolojia, hata hivyo, hakuna undugu baina yao. Kilimanjaro ni mlima wa volkeno uliojengwa na zaha ndani ya miaka isiyozidi milioni tatu, ilhali miamba ya Upare na Usambara ilikwisha kuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya hapo.

Asili ya miamba

Tao la Mashariki limo ndani ya ukanda mrefu wa miamba geuzi, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Ukanda huo huitwa Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na mwanajiolojia Mwingereza, Arthur Holmes, mwaka 1951. Unapita mashariki ya Afrika kutoka Msumbiji hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya bara.

Chanzo chake ni kugongana kwa mapande makubwa ya ardhi, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati bara la kale la Gondwana lilipokuwa likiundika. Katika mgongano huo miamba iliyokuwapo ilizamishwa kilometa zaidi ya 30 chini ya ardhi, ikapikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, ikakunjwa na kuumbwa upya.

Zao kuu la tukio hilo ni mwamba uitwao naisi, ambao hutambulika kwa milia yake myeupe na myeusi iliyolala sambamba. Milia myeupe ni ya madini ya kwazi na feldispa. Myeusi ni ya madini yenye chuma kwa wingi. Mara nyingi huonekana pia chembe nyekundu za ganeti. Aidha, mawe ya chokaa ya zama hizo yaligeuka marumaru, ambayo hupatikana Uluguru na kwingineko.

Magharibi ya safu hiyo, kuelekea Mpwapwa na Iringa, kuna miamba mikongwe zaidi ya Usagaran, yenye umri wa takriban miaka bilioni mbili. Mbele yake ni kitovu cha kale cha Tanzania, chenye matale ya Dodoma na Mwanza ambayo umri wake unapita miaka bilioni mbili na nusu.

Jinsi milima ilivyoinuka

Umri wa mwamba si umri wa mlima. Milima ya awali iliyotokana na mgongano wa Gondwana ilikwisha kulika kwa mmomonyoko, na kilichobaki juu ni kile kilichokuwa kiini chake.

Milima ya sasa imetokana na nyufa kubwa za ardhi. Mapande ya mwamba yaliinuliwa na mengine kushuka, kwanza katika zama za Karoo, miaka ipatayo milioni 290 iliyopita, kisha tena na tena. Miinuko ya baadaye huhesabiwa kuanzia miaka kama milioni 30 iliyopita, sambamba na mtikisiko uliozaa Bonde la Ufa.

Ndiyo maana kingo za milima hiyo ni za ghafla. Mombo ipo mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari, lakini Lushoto, iliyo juu yake, inafikia karibu mita 1,400. Bonde la Lwengera limezitenga Usambara Mashariki na Magharibi, na bonde la Mkomazi limezitenga Usambara na Upare. Kilele cha juu kabisa katika safu nzima kipo Uluguru, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,600.

Vito na maji

Joto lililoigeuza miamba ndilo lililozaa vito. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyotambuliwa mwaka 1967, imo katika miamba yenye grafiti ya Ukanda huo huo wa Msumbiji. Rubi na spineli hupatikana katika marumaru za Uluguru na Mahenge. Mvua na joto la zama nyingi, kwa upande wao, vimeozesha mwamba wa Usambara na kuacha boksaiti huko Magamba, Lushoto.

Naisi nzima haina vinyweleo vya kuhifadhi maji. Maji hukaa katika nyufa zake na katika tabaka nene la udongo mwekundu lililo juu yake, kisha hutoka polepole kama chemchemi. Mto Ruvu, unaotegemewa na Jiji la Dar es Salaam, hupokea maji ya Uluguru, na Mto Sigi wa Usambara Mashariki hulisha Jiji la Tanga.

Hatari ya maporomoko

Muundo huo huo ndio wenye hatari. Mvua inaponyesha mfululizo, udongo hulowa na kuwa mzito, lakini maji hayawezi kupenya mwamba mgumu ulio chini. Hukusanyika mahali udongo unapokutana na mwamba, na mteremko mzima huteleza. Hali huwa mbaya zaidi pale milia ya naisi inapolala kufuata mteremko, na pale mizizi ya miti iliyokuwa ikishika udongo inapokuwa imeondolewa.

Novemba 2009, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha baada ya udongo kuporomoka Mamba Miamba, wilayani Same. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, yalitokea katika mlima wa volkeno wenye miamba ya aina nyingine, lakini mvua kubwa na mteremko mkali vilikuwapo vilevile.

Dalili za kuangaliwa wakati wa masika na vuli ni nyufa mpya ardhini juu ya makazi, miti au nguzo zinazoanza kuinama, milango ya nyumba kukwama ghafla, na chemchemi kubadilika kuwa tope au kukauka bila sababu. Zionekanapo, wakazi wa chini ya mteremko hutakiwa kuhama mara moja na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, bila kungoja mvua ikatike, kwa kuwa udongo uliolowa huweza kuporomoka hata saa kadhaa baada ya mvua kwisha.