Karaoke: mwanaume mwenye sauti ya juu achague wimbo gani?

Siku ya posho jioni, ndani ya nganda, kijana anapewa mikro. Anachagua wimbo wa Koffi Olomide kwa sababu kila mtu anaujua. Mwanzoni sauti yake haisikiki, maneno yanabaki kinywani. Akifika kwenye kiitikio anapanda kwa nguvu yote, na mtu anapiga kelele kutoka meza ya nyuma: "Huyu iko na sauti ya mwanamuke!" Watu wanacheka. Kijana anarudisha mikro mbele wimbo haujaisha, na pengine hatashika mikro tena mwaka mzima.

Kesho yake, siku ya Mungu, kijana wa namna hiyo anaimba tenore kwenye korali na hakuna anayecheka. Tena korali nyingi zinakosa watenore, zinawatafuta. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni wimbo.

Sauti ya juu si sauti ya mwanamke

Mtoto mwanaume akianza kuwa kijana, kamba zake za sauti zinarefuka na kuwa nene, na sauti inashuka karibu oktava moja. Lakini haishuki sawasawa kwa wote. Kuna wanaobaki na kamba fupi kidogo, na hao sauti yao inakaa juu. Haina uhusiano na nguvu za mwili wala na uanaume.

Kwenye kinanda, tenore wa kawaida anaimba kutoka do iliyo chini ya do ya kati mpaka do iliyo juu yake, ni kusema oktava moja kila upande. Baritone, ambayo ndiyo sauti ya wanaume wengi, inaanza chini zaidi na inachoka mapema ikipanda. Base iko chini kabisa.

Rumba ilijengwa na sauti hizo

Wanaocheka wanasahau muziki wanaousikiliza kila siku. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé na aliyeanzisha African Jazz mwaka 1953, alipendwa kwa sauti laini ya juu. Tabu Ley Rochereau alitokea kwenye orkestra hiyo hiyo, na mwaka 1970 aliimba kwenye ukumbi wa Olympia kule Paris. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, alikuwa na sauti kali ya juu inayotambulikana mara moja. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, na Wemba mwenyewe alisema alijifunza kwake.

UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi wa Desemba 2021. Sehemu kubwa ya urithi huo ni wanaume wanaoimba juu.

Kosa kubwa: kuogopa nota za juu

Wengi wakichagua wimbo wanajiuliza swali moja tu: nitafikia ile nota ya juu kabisa? Kwa baritone swali hilo ni zuri. Kwa mwenye sauti ya juu, hatari iko upande mwingine, iko chini.

Kila sauti inakosa nguvu kwenye nota zake za chini. Mwenye sauti ya juu akiimba wimbo wa Koffi, ambaye sauti yake ni nzito na mara nyingi inakaribia kuongea, anapitisha dakika nyingi kwenye sehemu ambayo yeye anatoa pumzi tu. Mikro haina cha kubeba. Kisha anajaribu kuifanya sauti iwe nene, anakaza koo, na kiitikio kinamkuta amechoka.

Kwa hiyo mwimbaji anapashwa kuangalia mistari ya kwanza mbele ya kiitikio. Jaribio ni rahisi na linafanyika nyumbani: aimbe mistari minne ya kwanza pamoja na wimbo wenyewe kwenye simu, bila kulazimisha. Mtu aliye upande wa pili wa chumba akisikia maneno yote, wimbo unafaa. Kama anaulizia "unasema nini?", wimbo uko chini mno, hata kama kiitikio kinamkaa vizuri.

Nyimbo za kuanzia

Za Papa Wemba. "Maria Valencia" inakwenda polepole na inampa mwimbaji nafasi ya kupumua. Haifai kuiga kilio cha Wemba. Inatosha kuimba wazi.

Za Fally Ipupa. Fally alipitia Quartier Latin ya Koffi mbele ya kutoa albamu yake ya kwanza peke yake, "Droit Chemin", mwaka 2006. Mkubwa wake anaimba chini, yeye anaimba juu. Anayeshindwa na wimbo wa mmoja anaweza kukaa vizuri ndani ya wimbo wa mwingine.

"Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Huu ni wa watu wawili. Franco anasimulia na kulalamika kwa sauti nene, na Madilu System anaimba juu. Rafiki mwenye sauti nzito achukue sehemu ya Franco, na mwenye sauti ya juu achukue ya Madilu. Hakuna anayejilazimisha. Wimbo unapita dakika 10, basi wapatane mapema watasimama wapi.

"Malaika". Watu wa mashariki wanaujua na uko kwa Kiswahili. Fadhili William wa Kenya aliuimba, Miriam Makeba pia. Lakini achague muziki uliotengenezwa kwa sauti ya mwanaume. Ule wa mwanamke unaweza kumletea shida: kwa sauti ya mwanamke uko juu sana, na akishuka oktava nzima anajikuta chini sana.

Za Lucky Dube zinataka uangalifu. Mwimbaji huyo wa Afrika Kusini alikuwa anashuka mpaka chini na kupanda mpaka sauti ya kichwa ndani ya wimbo mmoja. Wimbo wa namna hiyo uangaliwe sehemu zote mbili.

Za Bee Gees, kama "Stayin' Alive" ya mwaka 1977, zinaimbwa kwa falseto, ile sauti nyepesi ya kichwa. Kuwa na sauti ya juu na kujua falseto ni mambo mawili tofauti. Mtu asiyejizoeza asichague wimbo mzima wa falseto. Maneno machache yanatosha.

Kupandisha toni si aibu

Karaoke ilianza Japani. Mwaka 1971 Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake kule Kobe. Jina lenyewe maana yake ni orkestra tupu, isiyo na mwimbaji. Muziki unamngoja mtu, kwa hiyo muziki ndio unapashwa kumfuata.

Mashine na programu nyingi za simu ziko na kitufe cha kupandisha na kushusha toni, nusu toni kwa nusu toni. Oktava moja ni nusu toni 12. Mwenye sauti ya juu anayependa wimbo wa Koffi apandishe nusu toni mbili, tatu au nne, ajaribu tena mistari ya kwanza. Pale ambapo muziki unapigwa na kinanda na gitaa, inatosha kumsogelea mpiga kinanda mbele ya kuanza: "Yaya, nipandishie kidogo, huko chini sifiki." Wapigaji wanafanya hivyo kila siku. Kibaya ni kumuomba katikati ya wimbo.

Mikro na koo

Kwenye nota za chini mikro iwe karibu na kinywa. Kwenye nota za juu za nguvu isogezwe mbali kidogo, kwa sababu ndipo sauti inapokata masikio, na ndipo wale wa meza ya nyuma wanapopata cha kusema.

Maji yanasaidia. Pombe haisaidii: inakausha, na inamfanya mtu asisikie kwamba anaumiza koo. Kupiga kelele juu ya muziki mezani kunachosha kamba za sauti kuliko kuimba, basi anayengoja zamu yake asibishane sana. Koo likiuma, asimame. Sauti ikikwaruza zaidi ya majuma matatu, aende kwa muganga wa hospitali, si kwa dawa ya kuchemsha tu.

Kwa anayeanza, nyimbo mbili zinatosha. Azijue vizuri, ajue toni ya kila moja kwa namba, aziandike ndani ya simu. Siku ya posho ikifika, asichague tena palepale kwa kuangalia watu wanapenda nini. Aombe wimbo wake na toni yake, kisha aanze.