Familia ya Kufaana: Jina la Undugu wa Walea Majoka

Ziko riwaya za fantasia, nyepesi na za kuchangamsha moyo, ambamo yai la joka humwangukia mtu asiyejiandaa kulea chochote. Kijoka akishaanguliwa hutaka chakula, joto na mtu wa kuzungumza naye. Kabla kitabu hakijafika nusu, mlezi huyo na wapweke wenzake wanaomsaidia wamekuwa watu wa nyumba moja. Waandishi wa Kiingereza huliita kundi hilo found family, yaani watu wasiounganishwa na damu wala ndoa, waliokutanishwa na hali, na matunzo yakawafanya jamaa.

Mifano ipo mingi. Katika riwaya ya Naomi Novik ya mwaka 2006, inayofungua mfululizo wa Temeraire, nahodha Laurence wa jeshi la majini la Uingereza anateka meli ya Wafaransa na kukuta yai ndani yake. Joka anaanguliwa baharini, anamchagua Laurence, na kwa ajili yake nahodha anaacha kazi yake ya majini, anakosa mchumba na kuudhiana na baba yake mzazi. Katika The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, iliyotoka mwaka 2020, ofisa ustawi wa jamii Linus Baker anatumwa kukagua kituo cha yatima kisiwani. Miongoni mwa watoto sita wa kituo hicho yumo Theodore, joka mdogo wa miguu miwili anayekusanya vifungo vya nguo kama hazina. Ofisa aliyekuja kuandika ripoti anaishia kuwa mmoja wao.

Basi tuliite nini kundi hili? Tafsiri ya neno kwa neno, “familia iliyopatikana”, inafanana na tangazo la mali iliyopotea. “Familia ya kuokota” ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto wa kuokota ni aliyetupwa, na jina hilo humfuata kama tusi. “Familia ya kupanga” ina asili nzuri, maana mtoto wa kupanga ni mtoto wa kulelewa asiye wa kuzaa, lakini msomaji wa leo atafikiria nyumba ya kupanga na kodi ya mwezi. Kuasili nako ni tendo la kisheria lenye mahakama na hati, na Laurence hakupitia mahakama yoyote. Undugu wa kuchanjiana ulikuwa na kiapo na damu, ilhali watu wa riwaya hizi hawaapishwi na yeyote.

Linabaki pendekezo linalotajwa sana, “familia ya kuchagua”. Neno hili lina kazi yake mahali pengine. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia wa Marekani Kath Weston alichapisha utafiti kuhusu wapenzi wa jinsia moja wa eneo la San Francisco waliojijengea familia kutokana na marafiki, na hapo uchaguzi ndio kiini. Lakini anayeangukiwa na yai hakuchagua. Kwanza amelemewa, kisha amezoea, mwishowe hawezi kuishi bila mzigo ule.

Jibu limo katika methali tunayoijua sote: undugu ni kufaana, si kufanana. Ninapendekeza “familia ya kufaana” kwa kundi lenyewe, na “undugu wa kufaana” kwa uhusiano unaoliunganisha. Kiambishi -an- cha kufaana kinabeba kile ambacho jina kama “familia ya kulea” lingekiacha: kutendeana. Joka anapewa chakula na jina, na mlezi aliyekuwa mpweke anapata wa kumngojea jioni. Kila upande unamfaa mwenzake. Na sehemu ya pili ya methali inawaenea majoka kikamilifu, kwani mwenye magamba na mabawa hafanani hata kidogo na ofisa wa ustawi wa jamii.

Mtafsiri atakayelitumia jina hili alisaidie kwa upatanisho wa kisarufi. Kiswahili kinaruhusu “joka hili limelala” tunapotaka ukubwa na kitisho, na “kijoka kimelala” tunapotaka udogo. Kiumbe akishaingia katika familia, aandikwe “joka huyu amelala”, na asirudishwe tena kwenye “hili”. Mwandishi stadi anaweza kuufanya mhamo huo uwe tukio: mhusika anayesema “joka hilo” katika sura ya kwanza na “joka wangu yule” katika sura ya tano ametuonyesha safari nzima ya moyo wake bila maelezo ya ziada.

Riwaya za namna hii zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili, si kutafsiriwa tu, maana wazo lake tumelibeba katika methali kwa muda mrefu. Waandishi, wahariri na walimu wa fasihi, litumieni jina hili katika maandishi na madarasa yenu. Istilahi hukubalika kwa kutumiwa.