Tiba Bila Upasuaji ya Sainasi Sugu na Majeraha ya Kichwa: Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Tiba bila upasuaji hutumia dawa, maji ya chumvi, mapumziko na uangalizi wa karibu badala ya kisu. Ina uzito wa pekee katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako vumbi haliishi na daktari bingwa wa ubongo huwa mbali: Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na kutoka Mandera ni zaidi ya 900.

Wasomali wa eneo hili wana tiba zao za jadi, zikiwemo kuchoma kwa chuma cha moto, hijama na habasoda. Msemo wao kwamba ugonjwa na moto havikai pamoja ungali unatajwa. Hata hivyo, moto uliowekwa kwenye paji la uso haufiki ndani ya sainasi, wala hauzuii damu inayovuja ndani ya fuvu. Huacha kidonda, na huchelewesha safari ya hospitali.

Sainasi ni jozi 4 za vishimo vya hewa katika mifupa ya uso. Uvimbe wake ukizidi wiki 12 huitwa sugu. Msingi wa tiba ni kuosha pua: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Mgonjwa huinama juu ya karai, hulaza kichwa upande, humimina maji polepole katika tundu la juu huku akipumua kwa mdomo, nayo hutokea tundu la pili. Maji ya kisima au ya mto Tana yasitumike bila kuchemshwa, hata yakiwa meupe. Huko Karachi, Pakistan, watu wamekufa kwa amiba aliyeingia ubongoni kupitia maji ya bomba waliyopandisha puani wakati wa udhu. Baada ya kuosha hufuata dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama fluticasone au budesonide, kila siku kwa wiki kadhaa. Antibiotiki hazihitajiki kila mara. Jicho likivimba au uoni ukififia, tiba ya nyumbani imekwisha kazi yake.

Majeraha mengi ya kichwa hayahitaji upasuaji. Ukali hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Kuanzia 13 jeraha huhesabiwa dogo. Mgonjwa hupewa parasetamoli, si aspirini, na huangaliwa kwa saa 24 za mwanzo. Aliye katika hatari zaidi hupewa oksijeni, shinikizo la damu hulindwa lisishuke, na kichwa huinuliwa nyuzi 30. Steroidi, zinazofaa puani, hapa hudhuru: utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa huongeza vifo. CRASH-3 wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa ya tranexamic acid, ikitolewa ndani ya saa 3, hupunguza vifo kwa wenye majeraha madogo na ya wastani.

Maradhi haya mawili hukutana puani, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Aliyeanguka na bodaboda akaanza kutokwa na maji maangavu puani, hasa akiinama, huenda hana mafua: fuvu limepasuka na maji ya ubongo yanavuja. Mara nyingi ufa huziba wenyewe kwa kulala kichwa kikiwa juu, chini ya uangalizi wa hospitali. Asipenge kamasi, asioshe pua hata wakati wa udhu, asitiwe chochote puani, kwa sababu vijidudu vikipanda huleta homa ya uti wa mgongo. Wasomali wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na humo kupandisha maji puani katika udhu ni sunna, si faradhi. Mgonjwa anaweza kuiacha. Badala ya kusujudu, anaweza pia kuashiria kwa kichwa.

Kutapika mara kwa mara, usingizi usioamshika, degedege, au mboni moja kupanuka kuliko nyingine ni ishara za kumkimbiza mgonjwa hospitalini saa hiyo hiyo. Msisubiri asubuhi.