Upendo Ulio na Ufahamu

Mwaka 1942, huko Boston, Marekani, daktari wa macho Theodore Terry alieleza upofu mpya uliowapata watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati. Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, alionyesha kwamba oksijeni nyingi waliyopewa ili waishi ilihusika na upofu huo. Huko Washington, daktari Arnall Patz alipojaribu kuipunguza, baadhi ya wauguzi waliiongeza usiku kwa siri, wakihofu watoto watakufa. Hawakuwa waovu, waliwapenda. Lakini utafiti wa hospitali 18 za Marekani, ulioanza mwaka 1953, ulithibitisha hatari hiyo. Kisha oksijeni ikabanwa mno: upofu ukapungua, ila watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Polepole madaktari wakajifunza kuitoa kwa kipimo.

Mtume Paulo aliwaombea Wafilipi upendo wao uzidi pamoja na ufahamu. Ndugu msomaji, huruma isiyokubali kusahihishwa yaweza kumdhuru yule inayemkumbatia. Daktari anayechunguza macho ya mtoto njiti leo, kabla mama hajaona dalili yoyote, anaendeleza upendo uliokubali kufundishwa.